Usiniimbie, Nisimulie

Mtu akikuambia kwamba Sister Act ya pili ni kali kuliko ya kwanza, usibishane naye. Utajipandishia presha bure. Mwombe tu akusimulie. Asiimbe, asimulie. Nani alimfanyia nini nani, kwa sababu gani, na mwisho wake ukawaje. Kisha vuta kiti, agiza soda, subiri.

Jaribio hili nimelifanya kwa watu wengi kupita heshima ya umri wangu. Nimemfanyia shemeji yangu, nimemfanyia fundi wa feni, nimewafanyia vijana wa kwaya waliokuja nyumbani kufuata mchango, na nimemfanyia binti yangu Neema, ambaye filamu zote mbili zilitoka kabla hajazaliwa lakini msimamo anao. Wote huanza vizuri. "Kuna shule." Ndiyo, kuna shule. "Ina wanafunzi watundu." Haya. "Halafu kuna yule dada..." Yule dada amefanyaje? Hapo mdomo unafunguka na kinachotoka ni wimbo. Macho yanafumbwa, mkono mmoja unapanda hewani kama wa mtu anayesimamisha daladala, na sauti inaanza kukwea mahali ambapo Mungu hakuwaandikia kufika.

Wimbo ninaujua. Nimeuliza habari.

Kinara wao ni huyo shemeji, mdogo wake Mama Neema. Alikuja kwetu kusubiri majibu ya usaili, na majibu hayo naona yanakuja kwa miguu. Katika kusubiri amejipatia cheo cha mwalimu msaidizi wa kwaya ya vijana parokiani, na tangu akipate haongei tena, anatoa tathmini. "Shemeji," ananiambia huku ameshika rimoti ambayo hakuinunua, "ya kwanza ni filamu ya wazee."

Ya wazee! Ya kwanza ilitoka Mei 1992, ya pili Desemba 1993. Tofauti yake miezi 18. Huo ni umri wa mtoto anayeanza kuvunja vikombe.

Na hiyo miezi 18 ndiyo ninayoanza nayo kila nikipewa nafasi ya kusema, ingawa siku hizi nafasi hiyo napewa nikiwa peke yangu. Filamu ya kwanza ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 31 na ikarudisha zaidi ya milioni 230 duniani kote. Fedha za namna hiyo zikishaonekana, hakuna bosi wa studio anayekaa kitako kujiuliza kama hadithi imebaki. Anauliza tu kama yule mama bado anaenea kwenye ile nguo. Aliyeiongoza ya kwanza alikuwa Emile Ardolino, ambaye miaka mitano kabla alikuwa ametengeneza Dirty Dancing, kwa hiyo alijua wimbo unaingizwa wapi na dansi inatolewa wapi. Ya pili hakuiongoza. Alifariki kwa UKIMWI Novemba 1993, wiki tatu tu kabla haijaingia kwenye kumbi. Kiti akapewa Bill Duke. Wengi mnamfahamu bila kujua: ndiye yule jitu mrefu aliyepigana na Arnold Schwarzenegger ndani ya chumba cha hoteli kwenye Commando. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na karatasi aliyokabidhiwa.

Shemeji hujitetea kwamba ya pili ilifanywa haraka, ionewe huruma. Hata ya kwanza haikuzaliwa kwa amani. Iliandikwa kwa ajili ya Bette Midler, ikaishia kwa Whoopi Goldberg. Mwandishi wake, Paul Rudnick, aliona hadithi yake imechezewa na mikono mingi mpaka akataka jina lake liondolewe, na kwenye filamu limeandikwa jina la kubuni, Joseph Howard. Hata kanisa lenyewe, St. Paul's la San Francisco, lilikuwa katika mtaa wa watu wenye nafasi, ikabidi mafundi wauchafue: wakaandika kuta na kumwaga takataka mpaka ufanane na uswahilini. Baba mzazi wa hadithi ameikana, mtaa umechafuliwa kwa bajeti, na bado kitu kikasimama.

Nisikilizeni basi ninavyosimulia, na mhesabu nitaimba mara ngapi. Deloris ni mwimbaji wa kasino mjini Reno, hawara wa jambazi ambaye ni mume wa mtu. Siku moja anafungua mlango bila kubisha hodi na kukuta mtu anatolewa roho kwa amri ya jambazi wake. Anakimbilia polisi. Polisi wanatafuta mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili atakayemtafuta mwanamke mwenye viatu vile, na wanampeleka San Francisco kwenye nyumba ya watawa. Anavishwa shela, anaitwa Sista Mary Clarence. Mama Mkuu hamtaki. Yeye mwenyewe hajitaki. Anatoroka usiku kwenda baa, anakamatwa, na kwa adhabu anatupwa kwenye kwaya, kwaya mbovu kuliko zote. Anaitengeneza. Kanisa linajaa, televisheni zinakuja, na kwa kuwa televisheni zimekuja, jambazi anamwona. Yaani kile kinachowaokoa masista ndicho kinachomuuza yeye.

Mmeona? Sikuimba hata neno.

Lakini sehemu ninayoipenda mno, na hapa naomba utulivu, ni mazoezi. Aliyewahi kuimba kwaya atanielewa. Masista wale wanaimba kila mtu na njia yake, mwingine anapiga ukelele, mwingine midomo inatembea tu sauti imebaki chumbani. Deloris anawatenganisha sauti ya kwanza, ya pili, anawapanga, anawafundisha kusikilizana. Kuna Sista Mary Robert, mpole, sauti yake haitoki hata ukimkanyaga, na anasaidiwa mpaka inatoka nzima. (Shemeji alipogundua kwamba sauti ile ni ya mwimbaji mwingine, Andrea Robinson, iliyowekwa juu ya mdomo wa mwigizaji Wendy Makkena, alinijia mbio kana kwamba amekamata wezi. Nikamwambia hata simba wa kwenye filamu hajala mtu.) Na kuna Sista Mary Lazarus, bibi mkavu aliyekuwa anaiongoza kwaya kabla Deloris hajaja. Ananyang'anywa kijiti mbele ya watu. Ananuna kidogo, halafu anarudi kwenye mstari na kuimba. Hapa ndipo ninapokiri kwamba filamu ni filamu. Mwalimu wa kwaya akinyang'anywa uongozi kwetu, Jumapili inayofuata yuko parokia ya jirani na sauti ya nne yote, na kinanda kimeondoka naye kwa sababu risiti ina jina lake.

Halafu Jumapili ya kwanza. Wanaanza wimbo wa Bikira Maria, ule uliotokana na Salamu Malkia, kwa adabu zote, taratibu, na wewe unashangaa tu kwamba wako kwenye ufunguo mmoja. Mama Mkuu karibu atabasamu. Wanamaliza, kimya kidogo, halafu wanauanza tena kwa mwendo mwingine, makofi yakiwemo, na vijana waliokuwa wanapita barabarani wanasimama mlangoni. Mama Mkuu anawaka. Ni Maggie Smith yule, na uzuri wa filamu nzima uko hapo, kwamba Mama Mkuu ana hoja. Ana nyumba ya kulinda, ana taratibu alizozitumikia maisha yake yote, na ameletewa mwimba kasino anayezibomoa kwa tabasamu. Unampenda Deloris huku unajua kwamba ungekuwa wewe ndiye Mama Mkuu, ungemfukuza mapema zaidi.

Na nyimbo zenyewe zina mpango. Filamu inapoanza, Deloris yuko kasino anaimba nyimbo za mapenzi za miaka ya 1960, ule wa Mary Wells ulioandikwa na Smokey Robinson, na ule wa Little Peggy March wa msichana anayeapa kumfuata mpenzi wake popote. Watu wana bilauri zao, hawamtazami. Nyimbo hizo hizo zinarudi kanisani. Wa Mary Wells unabadilishwa neno moja na mpenzi anakuwa Mungu. Wa Little Peggy March unaimbwa mwishoni mbele ya Papa, unaanza polepole kama sala ya jioni, halafu unaachiwa. Kumbe pale kasino tulikuwa tumekopwa. Filamu ilitukopa wimbo dakika ya tatu na ikatulipa dakika ya tisini, na riba juu. Ndiyo maana msimuliaji wa ya kwanza hahitaji kuimba.

Mama mkwe wangu, ambaye aliimba kwenye moja ya kwaya kubwa wakati Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania Septemba 1990, aliitazama sehemu hiyo ya Papa huku anachambua mchele.

"Hawa wamefanya mazoezi muda gani, baba?"

"Wiki chache, mama. Kwa mujibu wa hadithi."

"Ndiyo maana," akasema, na hakuongeza kitu. Mpaka leo sijajua ndiyo maana ya nini, na heshima hainiruhusu kuuliza.

Sasa twende kwenye ya pili, maana Neema ameshaanza kupuliza pumzi.

Deloris sasa ni nyota Las Vegas. Masista wanamfuata, wanamwomba aje San Francisco kufundisha muziki kwenye shule yao ya St. Francis, ambayo kumbe hata yeye alisoma hapo. Anakubali, na anavaa tena shela. Swali langu, nililouliza mpaka nikaambiwa nikalale: shela ya nini? Ya kwanza anavaa kwa sababu asipovaa atapigwa risasi. Ya pili hakuna anayemwinda. Hakuna sheria niijuayo inayomtaka mwalimu wa muziki awe mtawa. Shule za masista hapa nchini zimejaa walimu waliovaa gauni na suruali na kufundisha fizikia bila matatizo. Anavaa kwa sababu bango la filamu limeshachapwa. Kwa hiyo mwanamke mzima, mwenye jina Vegas, anawadanganya wanafunzi, wazazi na mkuu wa shule, na hana hata cheti cha ualimu. Ule uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 angeponea wapi?

Na shule yenyewe! Shule ya Kikatoliki, wanafunzi miguu juu ya madawati, wanampuuza sista usoni, na wakubwa wanataka kuifunga. Mwandishi wa hii filamu hajawahi kupanga foleni ya fomu za kujiunga na shule ya masista. Kwetu mzazi anaanza kumsalimia Mama Mkuu mtoto akiwa tumboni. Ukirudi kutoka likizo umechelewa nusu saa na nywele zimezidi, unarudishwa na basi lile lile. Mama mkwe aliona tu yule kijana aliyelala darasani, akauliza kama kweli ni shule au ni mahabusu ya watoto.

Adui naye ni bwana mmoja wa utawala, Crisp, anayetaka shule ifungwe ili astaafu mapema. Amechezwa na James Coburn! Mtu aliyerusha kisu kwenye The Magnificent Seven mwaka 1960, wazee wa filamu za kauboi mnamkumbuka, ameletwa hapa kushika faili. Anatembea na faili koridoni, anakunja uso, anaondoka. Na Maggie Smith, aliyekuwa nusu ya injini ya filamu ya kwanza, sasa anamkubali Deloris tangu mwanzo, kwa hiyo hana la kufanya. Anakaa pembeni akiwatazama watoto kwa upendo. Malkia mzima amepewa kazi ya kutabasamu.

Najua kuna wenzetu wataniambia nimezoea vibaya, kwamba kwenye Bongo Movie tulishafundishwa maana ya sehemu ya pili. Hilo ni kweli. Enzi za sidii, hadithi moja ilikatwa katikati, dada ameshika sumu, mlango unafunguliwa, na maandishi yanakuambia ukanunue nyingine. Ile haikuwa filamu ya pili. Ilikuwa mwisho wa ya kwanza uliotekwa nyara ukasubiri fidia. Lakini angalau ulijua unakwenda kuokoa nini.

Wazungu ndio wana tabia ya kumaliza, kuaga, kuzima taa, halafu kugonga tena mlango. Grease ya 1978 ilipendwa, wakaleta Grease 2 mwaka 1982, na ndani yake kuna darasa zima la baiolojia linaimba kuhusu uzazi, mwalimu yuko mbele. Saturday Night Fever, John Travolta na dansi lake, ikafuatiwa na Staying Alive mwaka 1983, ambayo mwongozaji wake alikuwa Sylvester Stallone. Ndiyo, huyo huyo Rambo tuliyeipa mifuko ya plastiki jina lake. Mamma Mia! ya 2018 ndiyo ilinimaliza hesabu: ya kwanza ilikuwa imeshazichuma nyimbo nyingi tamu za ABBA, kwa hiyo ya pili ikaokota zilizobaki na nyingine ikarudia tu, na mama mzazi wa Meryl Streep akawa Cher. Cher amezaliwa 1946. Meryl Streep amezaliwa 1949. Mama mkwe alipoambiwa hilo aliacha mchele kabisa.

Nikifika hapa shemeji huwa ananingoja kwenye kona. "Sawa shemeji, umemaliza? Sasa tuiweke ile ya piano."

Na anaiweka. Hapo inabidi nikae.

Wasichana wawili wako kwenye piano, hakuna mtu wa kumfurahisha. Mmoja ni Tanya Blount, mwingine ni Lauryn Hill, aliyekuwa bado binti mdogo, miaka kadhaa kabla ya Fugees kutoa The Score na kabla hajaondoka na tuzo tano za Grammy usiku mmoja mwaka 1999. Wanaimba wimbo wa zamani wa kanisa kuhusu shomoro, mmoja anaanzisha, mwingine anampokea, na hakuna anayesukumana na mwenzake. Nimekwisha kusema sauti ya Mary Robert ilikuwa ya kuazima. Hizi hazikuazimwa. Filamu ya kwanza, pamoja na yote niliyoisifia, haina mtu anayeimba hivyo. Ile ina wachekeshaji wanaojifunza kuimba, na raha yake ni kujifunza kwao. Hii ina binti aliyefika na kila kitu na amekatazwa kukitumia.

Maana Rita, anayechezwa na Lauryn Hill, ana mama. Mama ni Sheryl Lee Ralph. Baba wa Rita aliufuata muziki mpaka akafa bila kupata kitu, na mama hataki kusikia habari ya mtoto kuimba, anataka asome. Tena hamkatazi kwa ukatili, anamkataza kwa uchovu. Ni mama wa Tandika, wa Kawangware, wa popote alipo mama aliyewahi kulipa madeni ya msanii. Rita anaambiwa kuna mashindano ya kwaya Los Angeles, fomu inahitaji saini ya mzazi, na anaifoji.

"Huyo mtoto arudishwe nyumbani," alisema mama mkwe pale pale.

Hakurudishwa. Kwaya ikafika ukumbini, mama akatokea, Rita akaimba, mama akalia machozi ya fahari, watu wote sebuleni wakafuta macho, na shemeji akanigeukia kuangalia kama nami nafuta. Kombe likatolewa. Shule ikapona. Mama mkwe akakaa kimya mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupanda.

"Na ile saini?"

Hakuna aliyemjibu. Filamu nayo haikumjibu, na hapo mama mkwe kanisaidia kesi yangu bila kujua. Ndani ya Sister Act ya pili kuna filamu nzuri iliyojificha. Ni ya Rita na mama yake, na ile fomu mezani. Ingepewa saa nzima yake, tungeiona saini ikigunduliwa, tungeuona usiku wa kuamkia safari, tungejua baba alikufaje. Lakini kila Rita anapoanza kuvuta pumzi, anaingia mtawa aliyeanguka na kuchekesha, au padri wa hisabati, au bwana faili, kwa sababu tiketi iliuzwa kwa jina la masista na masista lazima waonekane. Wakosoaji waliiponda, na Marekani iliingiza chini ya dola milioni 60 wakati ya kwanza ilipita milioni 130. Ingeitwa Rita, bila shela hata moja, mimi na shemeji tusingekuwa na ugomvi huu. Tungekuwa na mwingine.

Na ajabu ni kwamba filamu ilijiambia yenyewe. Kule ukumbini, kwaya pinzani inatangulia na kuimba wimbo ule ule waliouandaa, tuni ya Beethoven kutoka Simfoni ya Tisa ya mwaka 1824, kwa usafi wa kutisha. Watoto wa St. Francis wanaingiwa na woga. Ndipo wanavua majoho waliyovaa, wanabaki na nguo zao za mtaani, na Mervyn Warren aliyeupanga upya wimbo huo akawa amewapa njia yao wenyewe, na wanashinda. Watoto walijua kwamba joho si lao. Waliotengeneza filamu wakabaki nalo mpaka mwisho.

Bahati mbaya shemeji alichotoa kwenye mfano huo ni kuvua majoho.

Kwaya ya vijana ilikuwa na tamasha Jumatatu ya Pasaka, ukumbi wa parokia. Majoho walikuwa nayo, mapya, satini ya zambarau kutoka Kariakoo, 21 kwa hesabu, yaliyoshonwa kwa michango ambayo mhazini wa kwaya aliikusanya kwa machozi, tena mlango kwa mlango. Mhazini wa kwaya ni Mama Neema. Shemeji akapeleka maombi kwa Paroko kwamba katikati ya wimbo wa Beethoven vijana wavue majoho kwa pamoja, wabaki na fulana nyeupe, iwe ujumbe. Paroko, mtu wa maneno machache, alimwambia: "Kijana, waumini wamechanga ili mvae." Mama Neema aliongeza maneno mengine nyumbani, marefu zaidi.

Basi fulana nyeupe hazikununuliwa, na shemeji aliyameza.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Vijana walianza na ule wimbo wa Edwin Hawkins uliotamba mwaka 1969, ule ambao kwenye filamu kijana Ryan Toby anapaa na nota moja ya juu na kila kwaya ya vijana duniani imekuwa ikijiumiza koo tangu siku hiyo. Wa kwetu alipaa. Nasema kweli, alipaa, na sauti ya kwanza yote ikageuka kumtazama. Wakaingia kwenye Beethoven, ubeti wa kwanza, na hapo umeme ukakatika.

Mapangaboi yakapunguza mwendo, yakasimama. Aprili ya Dar, mvua imenyesha asubuhi, watu mia kadhaa ndani, madirisha ya juu hayafunguki tangu yapakwe rangi. Kwaya ikaendelea bila kinanda. Kufika ubeti wa pili binti mmoja wa sauti ya pili akafungua kifungo cha shingoni. Jirani yake akalivua lote. Halafu mwingine, halafu watatu, kila mtu kwa wakati wake, bila amri ya mtu, huku wanaimba. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejiandaa kuonekana, chini ya zambarau kulikuwa na kila kitu: shati la shule, blauzi ya kitenge, jezi ya Simba, na hatua mbili kutoka hapo, jezi ya Yanga. Ukumbi ulilipuka, nusu kwa Beethoven na nusu kwa ligi. Paroko alijifuta jasho na kuangalia dari. Shemeji aligeuka katikati ya kuongoza, akanitafuta kwa macho, akaniona, akacheka meno yote.

Mimi nilikuwa namtazama Mama Neema, aliyekuwa tayari amesimama anatembea kando ya ukuta, anaokota.

Majoho 19 yalipatikana jioni ile ile. La 20 lilikutwa chini ya mama mkwe, aliyesema benchi lilikuwa na vumbi. La 21 bado linatafutwa, lina alama ya chaki kwenye pindo, na mwenye taarifa anaombwa amwone mhazini baada ya misa ya pili.